Tusiupime Mlima kwa Namba Moja

Ardhi ikitikisika jirani na volkano, swali la kwanza redioni, kwenye simu na vijiweni ni lile lile: ni ngapi kwa kipimo cha Richter? Ikitajwa 2, watu hushusha pumzi na kurudi kwenye shughuli zao. Ikitajwa 5, wanaanza kufunga mizigo. Imani iliyo nyuma ya swali hilo imezoeleka mno hata hakuna anayeihoji: tetemeko likiwa kubwa, mlima unakaribia kulipuka, likiwa dogo, mlima umetulia. Mimi naipinga imani hiyo, nusu zake zote mbili. Ukubwa wa tetemeko ni kipimo halali na chenye kazi yake, lakini hauelezi volkano itafanya nini. Kwa watu wanaolala chini ya Nyiragongo au kando ya Ol Doinyo Lengai, kuuchukulia kama onyo la mlipuko ni jambo la hatari.

Ushahidi mzito kuliko wote uko Goma. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, ubavu wa Nyiragongo ulipasuka na lava ikaanza kuteremka kuelekea mjini. Ilimwagika kwa takriban saa sita. Watu zaidi ya 30 walikufa, maelfu wakabaki bila makazi, na ulimi mmoja wa lava ukaja kusimama Buhene, kwenye ukingo wa kaskazini wa mji, si mbali na uwanja wa ndege. Sasa rudi nyuma siku chache kabla ya jioni hiyo. Anayeishi kwa kusubiri namba kubwa asingeona sababu ya kuhama. Hakukuwa na tetemeko la kumwamsha mtu usingizini. Watafiti waliozipitia kumbukumbu za vipimo vya mlima huo, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2022 katika jarida la Nature, hawakuona dalili ya wazi ya kutangulia. Maelezo yao ni kwamba mlima wenyewe ulichanika. Magma ilikuwa tayari iko juu, karibu kabisa na uso wa ardhi, na ziwa la lava lilikuwa limejaa ndani ya kreta kwa miaka. Haikuhitaji kuvunja miamba mingi ili itoke, na pasipovunjika mwamba hakuna tetemeko kubwa.

Lava ilipokwisha kusimama ndipo ardhi ilipoanza kutetemeka kwelikweli. Mchana na usiku, siku baada ya siku, mji ulitikisika. Matetemeko makubwa zaidi yalifikia 5 hivi, na yalisikika vilevile Gisenyi, upande wa Rwanda. Nyumba zilianguka, nyufa zikakata barabara za lami na kuta za maduka. Chini ya miji hiyo miwili magma ilikuwa ikipasua mwamba na kujipenyeza kuelekea kusini kama ukuta mwembamba uliosimama wima, wenye urefu wa takriban kilomita 25, hadi chini ya Ziwa Kivu. Sehemu yake ya juu ilikuwa chini ya mita 500 kutoka kwenye nyayo za watu. Alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Constant Ndima, aliamuru sehemu kubwa ya Goma ihame. Mamia ya maelfu ya watu walishika njia za Sake, Rutshuru na Rwanda, wengine wakavuka ziwa kwa maboti. Lava ya pili haikutoka.

Ukiyaweka matukio hayo mbele ya imani yetu, yanaipindua juu chini. Mlipuko ulikuja wakati namba ni ndogo. Namba zilipokuwa kubwa, mlipuko haukuja. Na asije mtu akasema kwamba basi amri ya kuhama ilikuwa ya bure. Ilikuwa ya busara, kwa sababu vyanzo vya matetemeko vilikuwa vikisogea kuelekea ziwani, vikifuata njia ya magma chini ya mitaa yenye watu wengi, na Ziwa Kivu limebeba gesi nyingi ya kaboni dayoksaidi na methani ambayo hakuna anayetaka ivurugwe na magma. Kilichowatia hofu wataalamu kilikuwa mahali na mwelekeo. Lau matetemeko yale yangekuwa ya 3 badala ya 5, lakini yakafuata njia ile ile, hofu ingebaki vilevile.

Tanzania nayo ina somo lake, na nasikitika kwamba limesahaulika upesi. Julai 2007, eneo la Ziwa Natron lilianza kutikisika kwa mfululizo. Tarehe 17 Julai lilipiga tetemeko la 5.9 kwenye mlima Gelai, volkano ya kale iliyolala kaskazini mashariki ya Ol Doinyo Lengai. Arusha watu walitoka nje. Nairobi waliteremka ngazi za maghorofa mbiombio. Wengi waliamini kwamba Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, umeshalipuka au utalipuka usiku ule. Haukulipuka. Magma ilikuwa imejipenyeza chini ya Gelai na kubaki humo humo ardhini. Lengai ulikuja kulipuka kwa nguvu tarehe 4 Septemba, wiki saba baadaye, matetemeko makubwa yakiwa yameshapungua na waandishi wa habari wameshahamia kwenye mambo mengine. Mlima ambao kwa miaka ulikuwa ukitoa lava nyepesi ya magadi, kwa utulivu, uligeuka na kurusha majivu angani, na uliendelea hivyo hadi mwaka uliofuata. Kwamba msukosuko wa Gelai na mlipuko wa Lengai vinahusiana, watafiti wengi wanaona hivyo. Lakini uhusiano huo haukuandikwa katika ile 5.9.

Kuna jambo jingine kuhusu Gelai ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Timu ya kimataifa iliyochunguza tukio lile na kuchapisha matokeo mwaka 2008 ilipima kwa setilaiti jinsi ardhi ilivyohama, kisha ikalinganisha na matetemeko yaliyorekodiwa. Ilikuta kwamba sehemu kubwa ya mwendo ule wa ardhi ilitokea kimyakimya. Ufa uliteleza polepole kwa siku kadhaa bila kishindo, magma ikafuata, na matetemeko yote yaliyotikisa Arusha na Nairobi yalikuwa sehemu ndogo tu ya kilichotendeka. Mtu aliyejumlisha namba za Richter peke yake alikuwa amekosa sehemu kubwa ya habari.

Chukua pia ile 5.9 yenyewe uilinganishe na 5.9 nyingine tunayoikumbuka kwa machungu. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa huo huo lilipiga Kagera. Bukoba nyumba za matofali zilianguka, shule zikabomoka, na watu wasiopungua 17 walipoteza maisha. Halikuwa na uhusiano wowote na volkano. Tetemeko la Gelai lilipiga nyika yenye boma za hapa na pale. La Kagera lilipiga eneo la watu wengi na kuta zisizo na nondo. Namba ni moja, matokeo ni tofauti kabisa. Ikiwa 5.9 haiwezi hata kutueleza ni kuta ngapi zitaanguka mpaka tujue kina, umbali, udongo na ujenzi, vipi tuitegemee itueleze yaliyomo ndani ya mlima?

Pengine imani hii imeota mizizi kwa sababu tunadhani seismografu inapima ukubwa wa tetemeko moja kwa moja. Haipimi hivyo. Seismografu inaandika kitu kimoja tu: jinsi ardhi inavyokwenda pale ilipofungwa. Ukiangalia kumbukumbu ya tetemeko la kawaida, kwanza unaona mchoro mdogo wa haraka unaoanza ghafla. Hilo ni wimbi la P. Baada yake linakuja wimbi la S, lenye mikwaruzo mirefu zaidi. Mtaalamu anahesabu sekunde kati ya mawimbi hayo mawili, anazidisha kwa 8 hivi, na anapata umbali kwa kilomita. Sekunde 10 ni takriban kilomita 80. Kisha anapima kimo cha mkwaruzo mrefu kuliko yote. Charles Richter, akiwa California mwaka 1935, aliweka kanuni hii: mchoro ukifikia kimo cha milimita 1 kwenye seismografu ya aina ya Wood-Anderson iliyo umbali wa kilomita 100, tetemeko hilo liitwe 3. Ukifikia milimita 10, ni 4. Kila hatua moja ni mara kumi ya mtikisiko, na ni mara 32 hivi ya nishati. Kwa tetemeko lililo karibu au mbali zaidi ya hapo, Richter alitengeneza jedwali la marekebisho kutokana na matetemeko ya kusini mwa California.

Ipeleke sasa kanuni hiyo mlimani. Kituo kiko kilomita tatu kutoka kwenye kreta. Kati ya P na S hakuna hata sekunde moja. Mawimbi yanapita kwenye matabaka ya majivu, lava ya zamani yenye matundu, maji ya moto na gesi, na matabaka hayo yanayameza mawimbi kwa namna ambayo miamba ya California haiyamezi. Kituo cha upande wa mashariki kinaweza kutoa 1.8 na cha magharibi 2.4 kwa tetemeko lile lile. Kinachotangazwa ni wastani. Kwa matetemeko madogo sana wataalamu hawapimi hata kimo. Wanapima muda, tangu mtikisiko uanze hadi uzame kwenye kelele za upepo, malori na mawimbi ya ziwa, na muda huo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Ndiyo maana taasisi mbili za kuaminika hutoa ukubwa tofauti kwa tukio moja, na hakuna iliyodanganya. Tofauti ya 0.5, ambayo msikilizaji anaiona ndogo, ni zaidi ya mara tano kwa nishati. Watu wanaogombana mtandaoni kama lilikuwa 4.9 au 5.1 wanagombania kitu ambacho hesabu yenyewe haiwezi kukiamua.

Hayo ni ya tetemeko lenye P na S zinazoonekana, lile linalotokana na mwamba kuvunjika. Volkano ina sauti nyingine. Magma na gesi zikipita kwenye nyufa, nyufa hizo hutikisika kwa taratibu, mara moja hadi tano hivi kwa sekunde, na mchoro wake hauna mwanzo mkali wala wimbi la S la kuonekana. Ile kanuni ya kuhesabu sekunde inakosa pa kushika. Kuna pia mtetemo endelevu, ambao unaweza kudumu dakika, saa, hata miezi. Hauna mwanzo, hauna kilele kimoja, hauna mwisho. Utaupa ukubwa gani wa Richter? Nyiragongo, wakati wote ziwa lake la lava lilipokuwa likichemka, ulikuwa ukitoa mtetemo wa namna hiyo bila kukoma. Wataalamu wa volkano wana njia yao ya kuufuatilia: huchukua wastani wa mtikisiko kwa kila dakika 10 na kuangalia kama mstari unapanda. Mstari huo umewahi kuokoa watu wengi, na hauna hata tarakimu moja ya Richter ndani yake.

Kule Colombia, kwenye volkano Galeras, mitikisiko midogo ilichora maumbo yanayofanana na skrubu: kichwa kipana mwanzoni, kisha mkia unaopungua taratibu kwa makumi ya sekunde. Wataalamu wakaiita tornillo, yaani skrubu kwa Kihispania. Ilikuwa michache na ilikuwa midogo kiasi kwamba aliyesimama mlimani hakuihisi. Ilionekana kabla ya mlipuko wa Julai 1992, ikaonekana tena kabla ya tarehe 14 Januari 1993. Siku hiyo Galeras ulilipuka wakati wanasayansi waliokuja kwenye mkutano wako ndani na kandokando ya kreta. Walikufa wanasayansi 6 na watalii 3. Wanasayansi hao walikuwa watu wa fani yenyewe, na mlima ulionekana umetulia. Miaka mitatu kabla ya hapo, huko Alaska, Bernard Chouet na wenzake walikuwa wametumia mitikisiko ya taratibu ya aina hiyo kutabiri mlipuko wa mlima Redoubt wa Januari 2, 1990. Utabiri wao ulisimama juu ya sura ya michoro na wingi wake.

Ufilipino inatoa mfano mwingine. Mwaka 1991, kabla Pinatubo haujalipuka tarehe 15 Juni, katika mlipuko mmojawapo kati ya mikubwa kabisa ya karne ya 20, matetemeko mengi ya wiki za mwanzo yalikuwa madogo yasiyohisiwa na wanakijiji. Wanasayansi wa Ufilipino na Marekani waliyaona yakiongezeka na kuhama kutoka upande mmoja hadi chini ya kilele. Waliona pia mitikisiko ya taratibu ikitokea kina kirefu, kilomita 30 hivi chini, ishara kwamba magma mpya inapanda. Makumi ya maelfu ya watu walihamishwa kwa wakati. Matetemeko ya 5 na zaidi yalikuja mlima ukiwa tayari unalipuka, paa lake likididimia. Aliyengoja namba kubwa ndipo akimbie angekuwa amechelewa.

Turudi Goma, lakini Goma ya Januari 2002. Baada ya miaka ya vita, kituo cha volkano kilikuwa kimebakiwa na seismografu mbili zinazofanya kazi, moja Katale na nyingine Bulengo. Kwa vituo viwili huwezi kuonyesha kwa uhakika tetemeko limetokea wapi. Usipojua mahali huna umbali, na usipokuwa na umbali huna ukubwa wa kuaminika. Pamoja na upungufu huo, Dieudonné Wafula, mtaalamu wa kituo hicho, alitoa onyo kwamba Nyiragongo unaelekea kulipuka. Alichoshikilia ni mfululizo wa mitikisiko isiyo ya kawaida kwa mlima ule, pamoja na mabadiliko yaliyoonekana kwa macho mlimani. Onyo lake halikupewa uzito uliostahili. Tarehe 17 Januari lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na zaidi ya watu laki moja wakakosa pa kuishi. Kila nikisoma habari za mtu yule na mashine zake mbili, naona jinsi tunavyokosea tunapodhani kwamba elimu ya volkano inasubiri namba kamili ndipo iseme. Na angalia pia kwamba mlima ule ule, miaka 19 baadaye, ukiwa umezungukwa na seismografu nyingi na bora zaidi, ulipasuka bila kuaga.

Wanaotetea namba hunijibu kwa methali: dalili ya mvua ni mawingu. Matetemeko makubwa, wanasema, ni wingu zito. Asiyejitayarisha ni mpumbavu. Nakubali kwamba magma inayopasua mwamba hutoa matetemeko, na kwamba milipuko mingi hutanguliwa nayo. Lakini makundi mengi ya matetemeko karibu na volkano huisha bila chochote kutoka. Mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025, eneo la Fentale nchini Ethiopia lilitikiswa na mamia ya matetemeko, makubwa yakikaribia na hata kugusa 6. Makumi ya maelfu walihamishwa, barabara zikapasuka, magma ilikuwa ikitembea chini. Lava haikutoka Fentale. Kwa upande mwingine, St. Helens nchini Marekani ulitoa kila siku matetemeko kadhaa ya 4 na kuzidi, wiki nenda wiki rudi, katika majira ya kuchipua ya 1980. Asubuhi ya Mei 18 lilipiga la 5.1, ubavu mzima wa mlima ukaporomoka na mlipuko ukaua watu 57. Kati ya 4 na ushei za wiki zilizopita na 5.1 ya asubuhi ile, ni wapi mtu angechora mstari na kusema hapa ndipo? Kilichokuwa kinasema ukweli wakati wote ni ubavu wa kaskazini wa mlima, uliokuwa ukivimba kwa zaidi ya mita moja kila siku.

Ukubwa wa tetemeko siunyimi haki yake. Tetemeko la 5 chini ya mji ni hatari kwa nyumba hata kama mlima hautatoa cheche moja, na walioangukiwa na kuta Goma mwaka 2021 hawakuuliza kama ni la volkano au la. Fundi mwashi na mhandisi wa manispaa wanaihitaji namba hiyo. Wanasayansi nao hujumlisha nguvu za matetemeko yote ya kundi moja ili kukadiria ni magma kiasi gani imejipenyeza. Hupima pia uwiano kati ya madogo na makubwa, kwa kuwa kwenye volkano madogo huwa mengi kupita kiasi kuliko kwenye nyufa za kawaida. Matetemeko 1,000 ya ukubwa wa 2 yana nishati sawa na moja la 4. Kwenye taarifa ya habari, lile la 4 ndilo lenye kichwa kikubwa. Kwa mtaalamu aliyekaa mbele ya skrini, 1,000 ya 2 yanayopanda kutoka kina cha kilomita 8 hadi 2 ndani ya siku tatu yanamtoa jasho kuliko hilo moja.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni hili: mama muuza samaki wa Goma au mchungaji wa Engare Sero, kijiji kilicho karibu na Lengai, hana muda wa darasa la mawimbi, anahitaji jibu fupi. Ni kweli. Jibu fupi lipo, na Goma wanalo: rangi za tahadhari, kijani, manjano, chungwa na nyekundu, zinazotangazwa na kituo cha volkano baada ya kutazama matetemeko, gesi, joto na uvimbe wa mlima kwa pamoja. Rangi ni rahisi kuliko Richter, na imebeba hukumu ya watu waliotazama mambo yote. Tunachokosea ni kuiacha rangi na kukimbilia tarakimu, kwa sababu tarakimu inafika simuni ndani ya dakika chache kutoka taasisi za ng'ambo, zilizotumia vituo vilivyo mbali mno kuona mitikisiko midogo ya mlima.

Na rangi hiyo haiwezi kutolewa na kituo kilichofungwa mdomo. Mwaka 2020 mpango uliokuwa ukikifadhili kituo cha Goma kwa fedha za Benki ya Dunia ulifika mwisho, na kwa miezi kadhaa hakikuwa hata na intaneti ya kupokea data kutoka kwenye seismografu zake mlimani. Sisemi kwamba fedha zingezuia maafa ya Mei 2021. Mlima ule ulipasuka ghafla mno. Nasema kwamba mji uliowahi kuunguzwa mwaka 2002 haukustahili kuwa na mlinzi aliyekatiwa mawasiliano.

Wahariri wa redio na magazeti, habari ya tetemeko karibu na volkano ikifika mezani, msiridhike na ukubwa. Tafuteni kina chake, tafuteni kama yanaongezeka au yanapungua, yanahamia wapi, na kituo cha volkano kimetangaza rangi gani. Nawe msomaji uliye Goma, Gisenyi, Arusha au Engare Sero, uliza hivyo hivyo. Ukikuta hakuna anayeweza kukujibu kwa sababu betri za kituo zimeibwa au bili ya intaneti haijalipwa, mpelekee mbunge wako swali hilo kabla ya bajeti ijayo.